Mwendo wa taratibu katika picha za kauboi: maana yake nini?

Katika picha za kauboi tulizozoea, mtu hupanda farasi asubuhi, na mara ile ile tunamwona ameshafika mji wa pili, bastola mkononi. Kiu, vumbi, kuwasha moto, kutengeneza gurudumu, vyote vimerukwa ili tuwahi mapigano. Mwendo wa taratibu ni kuyarudisha hayo yaliyorukwa na kuyaacha yachukue muda wake.

Mfano ninaoupenda ni Meek's Cutoff ya Kelly Reichardt, filamu ya mwaka 2010. Familia tatu zinahamia magharibi mwa Marekani mwaka 1845 kwa magari ya maksai, zikiongozwa na Stephen Meek, mtu aliyeishi kweli, nazo zinapotea katika nyika kavu ya Oregon. Mwanzoni wanavuka mto, na dakika kadhaa zinapita kabla mtu hajatamka neno. Tunasikia maji na mlio wa magurudumu tu.

Baadaye Emily, anayeigizwa na Michelle Williams, anakutana ghafla na mwanamume mwenyeji wa nchi ile. Anakimbilia garini, anachukua gobori na kufyatua ili wenzake walio mbali wasikie. Risasi ni moja tu, kwa hiyo lazima ashindilie upya: baruti, risasi, kisha mdeki, ule ufito wa kushindilia. Mwongozaji hatufupishii kazi hiyo. Tunamngoja Emily mpaka amalize, na kwa kungoja kule tunaelewa kwamba mwenye silaha ya zama zile, akishafyatua, alibaki mikono mitupu kwa muda wa kutosha kuuawa. Mavazi na magari ya kale yakiigwa vizuri hupendeza macho, lakini kwangu uhalisia wenyewe uko hapa, kwenye muda ambao kazi inadai.

Si kila mwendo wa taratibu ni wa aina hii. Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, ya mwaka 1968, inaanza na watu watatu wanaongoja treni kwa muda mrefu sana, inzi akitambaa usoni mwa mmoja wao. Ni kazi nzuri mno, ila pale muda unavutwa kama kamba ya upinde: tunajua risasi zinakuja.

Kwa Reichardt hata vinavyoonekana na kusikika vimepunguzwa. Picha yake ni karibu ya mraba, nasi tunaona kwa ufinyu kama wanawake waliovaa kofia zenye ukingo unaoziba macho pembeni. Wanaume wakijadili njia, tunayanasa maneno nusunusu kutoka mbali, pale walipo wake zao. Yule mwenyeji wanamchukua mateka, naye huongea lugha yake bila tafsiri, hivyo hatujui kama anawapeleka kwenye maji au kwenye mauti. Filamu inakwisha bado tunamtazama akienda zake, na maji hatujayaona.