Mashine pepe ndani ya mashine pepe: maana yake na namna ya kuiwezesha kwenye Linux

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, ikiwa na kumbukumbu, diski na mfumo wake wa uendeshaji. Pale inaporuhusiwa nayo kuendesha mashine pepe nyingine, tabaka huwa tatu: kompyuta halisi huitwa L0, mgeni wake L1, na mgeni wa mgeni L2.

Wengi hudhani kwamba prosesa inazitambua tabaka zote tatu, na dhana hiyo si sahihi. VT-x ya Intel na AMD-V ya AMD, yaani nyenzo zilizomo ndani ya prosesa za kusaidia mashine pepe, zinajua pande mbili tu, mwenyeji na mgeni. Kwa hiyo L2 inapofanya jambo linalohitaji kusimamiwa, udhibiti huangukia kwanza mikononi mwa L0, ambayo huipelekea L1 tukio hilo kana kwamba limetoka kwenye prosesa yenyewe. Na L1 inapolishughulikia, baadhi ya hatua zake humlazimu L0 kuingilia kati tena. Mizunguko hiyo ndiyo inayokula kasi, hasa katika kazi za diski na mtandao, ilhali hesabu tupu huathirika kidogo.

Kwenye Linux, jukumu la L0 hubebwa na KVM, sehemu ya kusimamia mashine pepe iliyoingizwa katika kerneli (kiini cha mfumo) toleo la 2.6.20 mwaka 2007. Tangu toleo la 4.20, uwezo wa kuendesha mashine pepe ndani ya mashine pepe huja ukiwa umewashwa hata kwa prosesa za Intel. Ili kuhakiki, soma faili `/sys/module/kvm_intel/parameters/nested` (kwa AMD, `kvm_amd`): Y au 1 maana yake umewashwa. Vinginevyo, andika `options kvm_intel nested=1` katika faili yenye kiishio cha `.conf` ndani ya `/etc/modprobe.d/`, zima mashine pepe zote, kisha ondoa moduli hiyo ya kerneli (`kvm_intel` au `kvm_amd`) kwa `modprobe -r` na uipakie upya.

Hatua inayosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kuionyesha L1 uwezo huo, maana kuuwasha kwa mwenyeji peke yake hakutoshi. Katika QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, hutumika `-cpu host`, na katika libvirt, zana ya kuzisimamia, `host-passthrough`. Baada ya hapo, `/proc/cpuinfo` ndani ya L1 inapaswa kuonyesha `vmx` (alama ya VT-x) au `svm` (ya AMD-V), na `/dev/kvm` iwepo. Isipokuwepo, QEMU bado inaweza kuiendesha L2 kwa kuiga prosesa kwa programu tupu, ila kwa mwendo wa kuchosha.