Je, wajua gari la haibridi linavyoijua seli moja mbovu kati ya 168?

Mwishoni mwa Septemba, majani ya miembe ya Tabora yakiwa mekundu kwa vumbi, mwalimu mmoja wa Ipuli alileta gereji Prius yake, gari la haibridi la Toyota, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme inayotumia betri kubwa. Pembetatu nyekundu ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Hata salamu hazijaisha akasema, "Fundi, nimetoka kuambiwa betri kubwa imekufa, ninunue nyingine. Na mkopo wa hili gari sijaumaliza. Ni kweli?"

Nikamjibu, "Pole, mwalimu. Ngoja kwanza tuliulize gari lenyewe."

Gari huulizwa kupitia soketi yenye vitundu 16 iliyo chini ya usukani. Soketi hiyo haikuletwa na haibridi. Marekani ililazimisha magari madogo mapya yawe nayo kuanzia toleo la 1996, na sababu ilikuwa moshi: gari lijikague lenyewe, na likianza kuchafua hewa kupita kiasi liwashe taa na kuweka kumbukumbu ya kosa. Prius ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, utaratibu huo ulikuwa umeshashika mizizi.

Sasa, kwa kuwa sheria ilihusu moshi, lugha ambayo kila kimashine cha kupimia kinaielewa ni lugha ya injini. Haibridi ina kompyuta kadhaa: ya injini, ya mfumo mzima wa haibridi, ya betri kubwa, ya breki. Kile kimashine cha bei nafuu cha blututhi mara nyingi huongea na kompyuta ya injini peke yake, kikaambiwa huku hakuna shida, kikaandika kwamba hakuna kosa, na pembetatu inaendelea kuwaka. Nimeona watu wakirudishwa nyumbani kwa majibu hayo. Kinachotakiwa ni programu inayojua kubisha mlango wa kompyuta ya haibridi. Toyota wenyewe wana Techstream ya kwenye kompyuta, na kwenye simu zipo kama Dr. Prius na Hybrid Assistant, ambazo zinatumia kimashine kilekile cha blututhi kikiwa kizima.

Gari la mwalimu lilitoa msimbo, yaani namba ya kosa, P0A80. Herufi P inahusu mfumo wa kuliendesha gari, yaani injini na mota. Sifuri inaonyesha ni msimbo wa pamoja, si wa kampuni moja. Na maana yake kwa maandishi ni kwamba betri ya haibridi ibadilishwe. Fundi wa kwanza alisoma sentensi hiyo akaishia hapo. Hakumdanganya mwalimu, ndivyo ilivyoandikwa. Lakini msimbo ni hitimisho. Vipimo vilivyoifikisha kompyuta kwenye hitimisho hilo bado vimo ndani, na hivyo ndivyo vya kusoma.

Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28 zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu. Kila moduli ina seli 6, yaani vibetri vidogo, na kila seli ni ya volti 1.2. Piga hesabu: seli 168, volti 201.6. Kompyuta haina waya kwenye kila seli. Inapima moduli mbili mbili, kwa hiyo inaona mafungu 14, kila fungu seli 12, volti 14.4. Itaijuaje basi seli moja iliyochoka?

Inalinganisha. Mafungu yote yanabeba mkondo uleule kwa wakati uleule, kwa hiyo yanapaswa kupanda na kushuka pamoja. Fungu moja likiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya volti 1 hivi, hiyo ni karibu nguvu ya seli moja nzima, na shaka inaangukia hapo. Seli iliyokufa kabisa huliacha fungu lake chini muda wote. Iliyochoka ni mjanja zaidi, maana gari likiwa limetulia haionekani. Babu zetu wa Unyanyembe, utawala wa zamani wa hapa Tabora, waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani wangelielewa hili upesi: mizigo ikiwa chini, mpagazi mgonjwa amesimama wima kama wenzake. Mizigo ikipanda begani ndipo unapomjua.

Ndiyo maana tuliingia barabarani, mwalimu akiendesha na mimi nimeshika simu. Tukiwa tumesimama, mafungu yote 14 yalikuwa karibu na volti 16, yamejipanga kama wanafunzi wa paredi. "Kanyaga mafuta, mwalimu, kanyaga mpaka chini." Kumi na matatu yalishuka hadi 14.7 yakatulia. Fungu la 7 likaenda 13.2. Akaachia mafuta, likapanda likajichanganya na wenzake kama halikufanya kitu. Tukarudia mara tatu, na mara zote ni lile la 7.

Kwa hiyo betri ilikuwa na kasoro kweli. Swali likabaki: kwa nini la 7?

Jibu lilikuwa kwenye picha. Kosa linapotokea, kompyuta huhifadhi hali ya gari ya dakika ileile: mwendo, chaji, joto, kasi ya feni ya betri. Picha ya gari la mwalimu ilionyesha hewa inayoingia kwenye betri ina nyuzi 33, katikati ya betri nyuzi 56, na feni iko kasi ya 6, ambayo ndiyo ya mwisho. Soma namba hizo tatu kwa pamoja. Hewa si ya moto sana, feni inakimbia kwa nguvu zake zote, na bado betri inaungua. Maana yake hewa haipiti.

Betri hii hupumua hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Tulipofungua, mapezi ya feni yalikuwa yamevaa vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za nguo mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Nililitoa zima zima, nikamwekea mwalimu kiganjani. Moduli za pembeni zina upande mmoja wa kutolea joto. Za katikati zimebanwa na majirani huku na huku. Kati ya mafungu 14, la 7 liko katikati kabisa. Angenunua betri mpya na kuifunga juu ya feni ile, angekuwa ameipeleka jikoni.

Hapa nina ombi kwa mafundi wenzangu, na ninaliomba kwa moyo wote: tusifute misimbo kabla ya kusoma. Ukifuta, taa inazimika na mteja anafurahi, lakini ile picha imekwenda nayo, na gari litarudi likiwa limeumia zaidi.

Yapo makosa mengine yanayodanganya vivyo hivyo. Betri ndogo ya volti 12 ikichoka, kompyuta zinakosa umeme wa kutosha na kuanza kulalamikia vitu visivyo vibovu, breki, usukani, kila kitu. Ipime kwanza. Ikiwa imepumzika iwe karibu na 12.6, na taa ya READY, ya kuonyesha gari liko tayari kwenda, ikiwaka ipande hadi 14 hivi. Haibridi kama Prius haina altaneta. Betri ndogo inachajiwa kutoka betri kubwa. Ukipata P0A93, usikimbilie kununua inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota. Msimbo huo unahusu upoozaji wake. Kwa Prius ya kizazi cha pili, washa gari hadi READY, fungua kifuniko cha chupa ya maji ya inveta utazame: maji yasipotikisika, pampu ndogo imesimama.

Kusoma kwa simu hakuna hatari. Kufungua ni jambo lingine. Waya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua, na inveta huupandisha zaidi ya volti 201, hadi 500 kwa kizazi cha pili na 650 kwa cha tatu. Gari lizimwe, betri ndogo itolewe waya, plagi ya usalama ya betri kubwa ichomolewe kwa glavu za umeme, kisha mtu asubiri dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta uishe, halafu apime ndipo aguse.

Gari la mwalimu tulilisafisha feni, tukabadilisha moduli mbili za fungu la 7 kwa nyingine zilizotumika, baada ya kuzipima zilingane na zilizobaki. Nilimweleza wazi kwamba nyingine 26 zimepitia joto lilelile na huenda zikafuata. Akasema, "Sawa, fundi, angalau nipate muda wa kujichanga." Alipita tena Januari, mvua zikiwa zimeshika. Tukaenda barabara ileile, akakanyaga mafuta mpaka chini: kati ya fungu la juu na la chini tofauti ilikuwa volti 0.4, na katikati ya betri nyuzi 41.