Pingi Kupita Si Ushahidi Kwamba Laini Ni Nzima

Programu ya uhasibu inaganda kwenye tawi la Kisumu, na nimeambiwa tena kuhusu pingi, ule ujumbe mfupi wa kujaribu kama kompyuta ya mbali inajibu: "Pingi ya Kisumu hadi Nairobi inapita, kwa hivyo laini ni nzima. Shida ni programu ya uhasibu." Hapana, hapana kabisa.

Pingi ya Windows hubeba baiti 32 tu za data. Ikirudi, ujue faiba inawaka, fremu za tabaka la 2 zinapita (mtandao huhesabiwa kwa matabaka saba, la 1 likiwa waya na la 7 programu), na ruta zinajua njia ya kwenda na kurudi. Basi. Kuhusu TCP, itifaki inayobeba data ya programu, haijasema lolote, na kuhusu pakiti kubwa ndiyo kabisa.

Pakiti kubwa ndizo hukwama. Etheneti ya ofisini hubeba pakiti ya baiti 1,500. Ukiunganisha tawi na makao makuu kwa handaki la GRE (linalofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine), kila pakiti huongezewa baiti 24 za vichwa, kwa hivyo iliyo ndani haiwezi kuzidi 1,476. Ukiongeza usimbaji wa IPsec, nafasi hupungua zaidi. Seva ya Nairobi haina habari. Inatuma jibu la 1,500 lenye alama ya kukataza kugawanywa. Ruta inalitupa na kuirudishia seva ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za mtandao, ileile inayobeba pingi) kwamba ipunguze ukubwa. Lakini kuna mtu aliyeruhusu pingi pekee kwenye ngome (firewall), akaziba ICMP nyingine zote! Ujumbe haufiki, seva inarudia pakiti ileile, inatupwa tena. Karani wa Kisumu anaona ukurasa wa kuingia, anaandika nenosiri, kisha skrini inaganda. Ugonjwa uko tabaka la 3, dalili zinaonekana la 7, na mwanaprogramu analaumiwa bure.

Kununua megabiti zaidi hakutibu hili. Umbali pia si hoja: mwanga hupita takriban kilomita 200 za faiba kwa milisekunde moja.

Vitabu hupenda kusema mtandao mpana ni mambo ya tabaka la 1 na la 2. Haya, lebo ya MPLS ambayo mtoa huduma hutumia kuelekeza pakiti, baiti 4 zinazokaa kati ya kichwa cha tabaka la 2 na kile cha IP, tuiweke wapi? Wengi husema "mbili na nusu", na mimi sijapata jibu safi zaidi. Ninachojali ni kwamba nazo zinakula nafasi, tena ndani ya mtandao wa mtoa huduma ambako huoni.

Kwa hivyo andika `ping -f -l 1472` (`-f` hukataza kugawanya, `-l` ni baiti za data, na vichwa huongeza 28), halafu shuka hadi ipite. Kwa GRE tupu itapita kwenye 1448. Basi weka MSS ya TCP, yaani kikomo cha data katika pakiti moja, iwe 1436 kwenye ruta (1,476 toa baiti 40 za vichwa), na ufungue ule ujumbe wa ICMP. Mwanaprogramu mpigie baada ya hapo.