Mhadhiri atoke nje kwanza

Nikibisha hodi idarani, swali huwa lilelile: "Mmekuja kutukagua tena?" Siwalaumu. Sisi watu wa uthibiti ubora tumezoeleka kuonekana pale ujio wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaponukia, tukidai mitaala na ripoti za watahini wa nje. Mhadhiri anatoa faili, tunatia tiki, tunaagana. Ithibati inapatikana, na darasani mambo ni yaleyale.

Fomu za tathmini nazo zina kasoro yake. Kwetu mwanafunzi huijaza muhula umeshakwisha, tena kwa sababu asipoijaza mfumo haumwoneshi matokeo. Anabofya nne, nne, nne mpaka chini. Hata akiandika la maana, litawafaa watakaosoma kozi mwakani. Yeye sapu, mtihani wa marudio, ameshaipata.

Kazi ninayoiamini hufanyika katikati ya muhula, na siendi mpaka mhadhiri mwenyewe aniite. Njia hii iliasisiwa na D. Joseph Clark wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mhadhiri ananiachia dakika 25 za mwisho za kipindi, anatoka nje. Nawagawa wanafunzi watano watano na kuwauliza: nini kinawasaidia kujifunza, nini kinawakwamisha, kifanyike nini? Kila hoja nairudisha kwa darasa zima. Isiyoungwa mkono na wengi haiandikwi ubaoni, hata kama msemaji wake ana sauti ya mgombea wa serikali ya wanafunzi.

Muhula mmoja niliitwa na mhadhiri wa takwimu, mwenye darasa la watu zaidi ya 300. Fomu zake zilisema "anakimbia" miaka miwili mfululizo. Alikuwa ameshapunguza slaidi, lawama hazikuisha. Nilipowauliza anakimbia vipi, slaidi hazikutajwa kabisa. Shida ilikuwa ubaoni: anafuta hesabu kabla ya walioketi nyuma kumaliza kunakili. Halafu jaribio la kwanza lilikuwa likija wiki ya tisa, kwa hiyo aliyepotea hajui kama amepotea.

Siku mbili baadaye tuliketi ofisini kwake, mtihani wa mwaka uliopita mkono mmoja, mtaala mkono wa pili. Mtaala unataka mwanafunzi aweze kufasiri data. Mtihani umejaa "taja", "fafanua" na "kokotoa". Swali la kufasiri lilikuwa moja, tena la hiari. Alilitazama kwa muda, akaguna: "Kumbe ndiyo maana wanakariri fomula."

Jaribio dogo lililetwa wiki iliyofuata, na hesabu zikaanza kubaki upande mmoja wa ubao. Kubadili mtihani kulisubiri muhula mwingine, maana lazima maswali yapitiwe na idara.

Mkuu wa idara aliniomba nakala ya ripoti ya kazi ile. Nikamwomba radhi, nikamwambia akaiombe kwa mwenye kozi. Alinuna. Lakini karatasi ile ikionekana mara moja tu kwenye faili la kupandishwa cheo, hakuna mhadhiri atakayeniita tena. Kuna wenzangu ofisini wanaoona nawakingia kifua wazembe. Nawajibu kwamba mzembe hanitafuti. Mhadhiri asiyeingia darasani kabisa ana njia yake, nayo inapita kwa huyohuyo mkuu wa idara, si kwangu.