Mnara Hausogezwi na Lenzi

Kila nikiongoza kikundi cha matembezi, tukifika tu mahali ambapo maghorofa ya mjini yanachungulia juu ya miti, lazima atokee mmoja wa kuguna: “Ningekuwa na lenzi ndefu, ningeuvuta ule mnara ukae nyuma ya mti huu.” Nimelisikia hilo mpaka masikio yameota sugu, na walio na lenzi hizo shingoni nao wanaliamini.

Lenzi haivuti kitu. Simama mahali pamoja, piga picha kwa lenzi fupi ya milimita 24, inayoonyesha eneo pana, kisha bila kusogea piga nyingine kwa lenzi ndefu ya milimita 200, inayoonyesha eneo dogo likiwa limekuzwa. Ikate ile ya kwanza ubakize kile kipande kilichomo katika ya pili, uziweke sambamba. Uwiano wa mnara na mti utakuwa uleule kabisa. Kilichopungua ni ubora, maana kipande kilichokatwa kina pikseli chache. Kinachoamua mnara uuzidi mti au umezwe nao ni pale ulipokanyaga.

Chukua mti wa mita 10 na mnara wa mita 300 (Mnara wa Eiffel una mita 330, kwa hiyo sitii chumvi). Umesimama mita 30 kutoka kwenye mti, na mnara uko mita 2,730 mbele yako. Hapo mnara unaonekana kama theluthi tu ya mti, kijiti kilichojificha kwenye majani. Sasa rudi nyuma mita 270. Umbali wako na mti umekuwa mara 10, hivyo mti umesinyaa mara 10. Umbali wako na mnara umetoka mita 2,730 hadi 3,000, mabadiliko ambayo jicho halitayashika. Ghafla mnara ni mara 3 ya mti! Hujanunua chochote, umetembea dakika chache tu.

Ndipo lenzi ndefu inapopata kazi: kuondoa vya pembeni na kujaza fremu. Miguu kwanza, lenzi baadaye. Kwa hiyo nikimwona mtu amefika ukingoni mwa bwawa akaanza kufungua mkoba, humgeuza arudi alikotoka, akatafute mahali penye uwazi mrefu mbele yake: ng’ambo ya maji, uwanda wa nyasi, au njia iliyonyooka. Wananuna. Wakiona picha, wanaacha kununa.

Ndugu wa dhana hiyo ni ile ya mwezi: eti ukichomoza huwa mkubwa kuliko ukiwa utosini. Huo ni mchezo wa macho. Upana wake angani ni takriban nusu ya digrii, ukiwa chini au juu. Ukitaka ukae kama sinia kando ya mnara, ondoka mjini. Kutoka kilomita 1, mwezi unafunika upana wa kama mita 9 tu za jengo. Kutoka kilomita 10, kama mita 90.

Mwingine hulalamika: “Kamera yangu inainamisha mnara.” Wewe ndiye uliyeinua kamera. Ukiishika sawa, isitazame juu wala chini, kuta husimama wima. Na ukiwa mbali huna hata sababu ya kuiinua.

Filta ya polaraiza, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mng’ao, nayo husifiwa kwamba huondoa ukungu wa mji. Husaidia kidogo, hasa jua likiwa ubavuni mwako, lakini vumbi na moshi haiviondoi. Subiri mvua inyeshe, utoke asubuhi yake. Na hapa nikiri kasoro ya ushauri wangu wa kwenda mbali: mchana wa jua kali, hewa iliyo juu ya ardhi ya moto hutetema, na kingo za mnara hutoka kama zimepigwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya hilo.

Mwisho, wale wa “tungoje giza liingie kabisa, taa ziwake.” Giza likiingia kabisa, paa za maghorofa huzama angani na miti yote hugeuka doa moja jeusi, matembezi yenu ya msituni hayaonekani tena kwenye picha. Wakati mzuri ni kama dakika 20 hadi 30 baada ya machweo, anga ikiwa bado buluu na mwanga wake umelingana na wa madirishani. Kadiri ulivyo mbali na ikweta, ndivyo muda huo unavyorefuka. Ajabu ni kwamba wengine hukunja stendi jua likizama tu, wakihofia njia ya kurudi. Beba tochi ya kichwani, na uizime wenzako wanapopiga.