Noti ya Jirongo, na mengine tunayodanganyana kuhusu pesa

Pita Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika, uulize habari ya Jirongo, jina la mtaani la noti ya shilingi 500. Utaambiwa noti hiyo ililetwa mwaka 1992 ili kununua kura. Jina kweli ni la wakati huo: Cyrus Jirongo aliongoza YK'92, kundi la vijana wa chama tawala, KANU, lililompigia debe Rais Moi, na baadaye akawa mbunge wa Lugari. Lakini noti yenyewe ilianza kutolewa 1988, wakati nchi ingali ya chama kimoja. Ile ya elfu moja ndiyo iliyokuja baada ya uchaguzi huo, 1994.

Wengine hushikilia kwamba "pesa" ni Kireno, eti peso. Peso ni sarafu ya Wahispania. Pesa yetu ni paisa ya Wahindi, kijisarafu cha shaba. Zilihitajika 64 kupata rupia moja. Reli ilipofika Kisumu 1901, rupia ndiyo iliyotawala, shilingi haijazaliwa huku. Ndiyo maana Mjaluo anasema pesa na Mkikuyu wa Nakuru anasema mbeca: mzizi ni ule ule.

Hata hela ni Heller ya Wajerumani wa Tanganyika, na fedha, kwa Kiarabu, ni madini yenyewe. Yaani majina haya yote ni ya chuma. Karatasi imeyarithi tu. "Noti" peke yake ndilo jina lililokuja na karatasi, kutoka Kiingereza, likimaanisha hati ya ahadi ya kulipa.

Ahadi ya kulipa nini? Si dhahabu, ingawa wengi huapa iko Nairobi imefungiwa. Peleka elfu moja kwenye tawi la Benki Kuu hapa mjini, utapewa noti nyingine au sarafu, basi.

Na hiyo "karatasi" kwa kawaida ni nyuzi za pamba, ndiyo maana noti husahaulika mfukoni, ikafuliwa na suruali, ikatoka nzima.

La mwisho ni la makonda. Noti mpya zilipozinduliwa Juni 2019, iliyofutwa ni elfu moja ya zamani pekee, mwisho wake ukiwa 30 Septemba. Nyingine za zamani ziliachwa zitumike. Konda akiikataa Jirongo yako yenye sura ya Mzee Kenyatta, mwambie haikufutwa.