Taa ya mbele ya gari inafifia? Angalia soketi kabla ya kununua globu

Taa ya upande mmoja ikianza kufifia au kuwaka na kuzima watu wanakimbilia globu mpya, inawaka siku kadhaa halafu tatizo linarudi pale pale. Mimi nachomoa kwanza soketi nyuma ya globu. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia, imeyeyuka, au pini zimeota kutu ya kijani, basi ugonjwa upo hapo.

Kwanini inaungua? Globu ya H4 ya kawaida (ile yenye fulu na dimu ndani ya globu moja) ni wati 60 fulu na 55 dimu, kwa volti 12 hiyo ni kama ampea 5 zinapita kwenye pini ndogo tu. Pini ikilegea umeme unapita kwa shida, panapata joto, joto linazidi kuilegeza, ndo inaendelea hivyo hivyo mpaka inayeyuka. Ikipotea volti 1 tu hapo una karibu wati 5 za joto ndani ya kijiplastiki! Na ukifunga globu ya wati 100 kwenye waya za kiwandani umeimaliza kabisa, tafadhali usifanye.

Kwenye kupima ndo wengi wanakosea. Wanachomoa soketi, wanaweka multimita (kipima umeme), inasoma volti 12, wanasema umeme upo. Jamani hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utasoma 12 kama hauna mzigo. Acha globu imechomekwa, washa taa, ncha moja weka chanya ya betri nyingine gusa mguu wa globu unaopokea umeme wa chanya, ikizidi nusu volti kuna mahali umeme unapotea. Rudia upande wa ethi (waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri), ncha moja kwenye hasi nyingine kwenye mguu wa ethi wa globu, maana ethi inasahaulika sana.

Kubadilisha: toa hasi ya betri, nunua soketi ya kauri, kata waya za zamani mpaka uone shaba inayong'aa (nyeusi imeshaungua, haishiki vizuri). Hamisha waya mmoja mmoja kwa kufuata nafasi ya pini, sio rangi, rangi mara nyingi hazifanani. Unga kwa viungio vya kubana na koleo, funika na mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota na kuzungusha tepu hapana, gundi inalainika na joto la injini. Mguu wa globu ukiwa umeungua badilisha na globu, la sivyo itaunguza soketi mpya, na usishike kioo chake kwa vidole.

Washa taa nusu saa, zima, gusa waya nyuma ya soketi. Uvuguvugu sawa, ikiwa moto wa kukuunguza rudi kwenye viungio ulivyobana.